Historia ya utumishi wa manowari ni nini?

Ukisikia "historia ya utumishi" ya manowari, usifikirie mizinga na mapambano peke yake. Ni kumbukumbu ya maisha yote ya meli kazini, tangu siku jeshi la majini lilipoipokea rasmi hadi siku itakapostaafishwa. Humo mna bandari ilizotia nanga, doria za miezi mingi, matengenezo, ajali, na vita kama vilikuwepo. Sehemu kubwa huwa ni doria, maana kazi ya manowari siku nyingi ni kuwepo tu mahali inapotakiwa.

Mfano mzuri ni USS Cole ya Marekani, manowari ya aina ya destroya. Aina hii ilianza mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza walipounda vyombo vyepesi vyenye mbio vya kuangamiza boti za torpedo, yaani silaha za kulipua zinazosafiri majini. Destroya za leo ni kubwa. Cole ina urefu wa mita 154 na mabaharia wapatao 300, na kazi yake ni kulinda meli nyingine dhidi ya ndege, makombora na nyambizi.

Mkuku wake, yaani uti wa mgongo wa meli, ulilazwa Pascagoula, Mississippi, Februari 1994, na mwaka mmoja baadaye ikashuliwa majini. Hapa wengi hukosea: meli iliyoshuliwa bado haijaanza utumishi. Inaelea, lakini mafundi wangali wanaifunga mitambo, kisha ijaribiwe baharini. Utumishi wa Cole unahesabiwa kuanzia tarehe 8 Juni 1996, ilipopokewa rasmi jeshini kwa jina la Darrell Cole, sajenti wa Marekani aliyeuawa katika kisiwa cha Iwo Jima, Japani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mwaka 1945.

Tarehe 12 Oktoba 2000 iliingia Aden, Yemen, kujaza mafuta. Saa tano na dakika kumi na nane asubuhi, wakati chakula cha mchana kinaandaliwa, boti ndogo yenye watu wawili ilisogea ubavu wa kushoto na kulipuka. Tundu la mita 12 kwa 18 hivi likafunguka, na mabaharia 17 wakafa. Waliobaki walipambana na maji siku kadhaa, usiku na mchana, meli isizame. Kwangu mimi huu ndio ukurasa mzito kuliko yote katika historia yake, na hakuna kombora hata moja lililorushwa. Waliopanga shambulio hilo ni al-Qaida, kundi lilelile lililolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 na kuua zaidi ya watu 200. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa msiba wa namna hiyo.

Cole haikurudi kwao kwa nguvu zake. Ilivutwa hadi bahari kuu, ikapakiwa juu ya Blue Marlin, meli ya Norway inayozama kidogo ili mzigo uelee juu ya sitaha yake, kisha inainuka nao. Ikabebwa mpaka Pascagoula, palepale ilipoundwa. Ilikaa kwa mafundi hadi Aprili 2002, lakini muda wote huo haikufutwa katika orodha ya meli zilizo kazini. Matengenezo, hata yakichukua mwaka na zaidi, ni sehemu ya utumishi.

Mwishoni mwa 2003 iling'oa nanga tena kwa safari ndefu ya kikazi. Tarehe 1 Oktoba 2024, Iran ilipoishambulia Israeli kwa makombora, Cole na destroya nyingine, Bulkeley, zilirusha makombora yapatayo 12 kuyazuia. Ndani ya Cole, kwenye njia ya kuelekea chumba cha kulia, sakafuni zimepachikwa nyota 17. Mabaharia huzipita kila wanapokwenda kula.