Biashara ikilala: haki na wajibu kabla ya kumrudisha mfanyakazi nyumbani

Kila masika ikikaribia, foleni kwenye ofisi ya kazi hapa Malindi, ninakofanya kazi kama afisa wa kazi, hurefuka. Hoteli zinapungukiwa wageni, baadhi ya zile za Watamu hufunga kabisa hadi Julai, na wapishi, wahudumu na watunza bustani hujikuta nyumbani bila kujua kama kazi bado wanayo. Mwaka huu malalamiko yameanza mapema, na mengi yanafanana.

Wiki iliyopita alikuja mhudumu wa meza aliyetumikia hoteli moja miaka minane. Hakuwa na karatasi yoyote, ila alinionyesha simu. Kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, meneja alikuwa ameandika: "Kuanzia kesho pumzikeni, mambo yakikaa sawa tutawaita." Hakutaja tarehe wala mshahara.

Siamini kwamba meneja huyo alikuwa na nia mbaya. Waajiri wa hapa walipita vurugu za baada ya uchaguzi za 2008, wakapita maonyo ya usafiri ya 2014, na 2020 ndege za kimataifa zikasimama kabisa. Wanaijua dhiki. Lakini dhiki haiufuti mkataba, na ujumbe wa namna ile si likizo wala si notisi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimkatazi mwajiri kupunguza watu biashara ikizorota. Nalisema hili kwa sababu wapo wafanyakazi wanaotaka tumlazimishe mwajiri awarudishe wote. Uwezo huo ofisi hii haina. Tunachosimamia ni utaratibu, nao uko kwenye kifungu cha 40. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya maandishi, si chini ya mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ni kazi ngapi zitaguswa. Kama mfanyakazi ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kwa mfano KUDHEIHA kwa watu wa hoteli, taarifa inakwenda kwa chama na kwa afisa wa kazi wa eneo. Kama si mwanachama, inakwenda kwake mwenyewe na kwa afisa wa kazi. Nakala ya afisa wa kazi ndiyo inayosahauliwa zaidi, na tafadhali, kunipigia simu hakuhesabiki kuwa taarifa. Kisha wanaopunguzwa huchaguliwa kwa kuangalia muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwao kazini. Aliyegombana na meneja hawi wa kwanza kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo yanakuja malipo: notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake, siku za likizo ambazo hazijachukuliwa, na malipo ya kupunguzwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 na miaka minane, ukihesabu mwezi kuwa siku 30, anapata 120,000 kwa miaka hiyo, mbali na notisi na likizo. Kuna wanaojitetea kwamba "huyu tunamlipia NSSF, hana cha kutudai." Si kweli. Anayechangiwa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, hadai malipo ya utumishi, lakini hayo ni jambo lingine. Malipo ya kupunguzwa yako palepale.

Na kuhusu vibarua, tumelieleza hili mara nyingi kiasi kwamba inasikitisha kulirudia. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyotarajiwa kwisha chini ya miezi mitatu, anahesabiwa mwajiriwa wa mkataba. Anayefua mashuka ya hoteli tangu Novemba si kibarua, hata mkimlipa kila jioni.

Kabla ya kufika huko, hata hivyo, zipo njia za kubaki na watu wenu, na ningependa waajiri waanzie hapo. Kila mfanyakazi ana siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Mei ndio mwezi wa kuzitoa, si Agosti. Zamu zinaweza kugawanywa. Mshahara unaweza kupunguzwa kwa muda, mradi mfanyakazi ameshirikishwa, amekubali kwa maandishi, na hamshuki chini ya kima cha chini. Likizo bila malipo pia inawezekana kwa makubaliano, nayo lazima iwe na tarehe ya kurudi. Itisheni kikao na muwaonyeshe hali ilivyo. Nimeona wafanyakazi wakikubali nusu mshahara kwa miezi mitatu kwa kuwa tu walielezwa ukweli.

Hesabuni pia hasara ya upande wa pili. Mhudumu anayezungumza Kiitaliano na kuijua familia inayorudi kila Agosti hakupatikana kwa siku moja. Ukimwacha bila jibu Aprili, Julai utamsikia yuko Diani au Ghuba.

Mahakama ikiona mtu ameachishwa isivyo haki, inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, juu ya anayodai. Kutolipa mshahara uliokwisha kufanyiwa kazi ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Kwa wafanyakazi: msitie saini karatasi ya "nimelipwa haki zangu zote" kabla ya kuisoma na kupiga hesabu. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako. Malalamiko ya kuachishwa yaletwe kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu. Kwenda mahakamani muda ni miaka mitatu, na Malindi tunayo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ukija, leta kitambulisho, mkataba kama upo, hati za mshahara au rekodi za M-Pesa, na ule ujumbe wa simu usiufute. Huduma yetu haitozwi hata shilingi.