"Mutu wa Jamaa" ni mtu gani?

Mtu wa pwani akisema "jamaa mmoja alinisimamisha njiani", anamtaja mtu yeyote tu, pengine hata hamjui. Akisema "jamaa zangu", ni ndugu zake. Lakini ukiwa Lubumbashi, huku Kongo, katika parokia ya Katuba au ya Kenya (komini yetu, yaani sehemu ya mji, si nchi), usikie mama anasema "ule baba ni mutu wa Jamaa", hapo ukoo wa damu haumo. Anataja kundi la walei Wakatoliki lililozaliwa Katanga, kwa Kiswahili cha Katanga, kati ya wafanyakazi wa migodi.

Lilianzia upande wa Kolwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa amefika Kongo mwaka 1933, na mwaka 1945 alikuwa ametoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Wasomi wanamjua kwa kitabu hicho. Watu wa kambi za wafanyakazi wa migodi walimjua kama Baba Placide. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha kama mapadri wengine: yeye anasema, watu wanaitika. Kisha akageuza, akaanza kuwauliza watu wenyewe wanatamani nini kupita vyote. Majibu yalirudi kwenye maneno matatu ambayo hadi leo ndiyo nguzo za mafundisho ya Jamaa: uzima, uzazi, mapendo.

Usiyachukue juu juu. Uzima hapa si afya peke yake, ni nguvu ya kuwa mtu kamili. Uzazi si kupata watoto tu: mtu anaweza kumzaa mwenzake katika imani. Na mapendo ndiyo yanayofanya wawili wawe na wazo moja, ndiyo maana watu wa Jamaa wanapenda sana kusema habari za umoja.

Kutoka hapo utaelewa kwa nini neno "chama" halikai vizuri. Legio Mariae, chama cha walei Wakatoliki kilichoanzia Dublin mwaka 1921, mtu anaingia peke yake, anapewa kazi ya juma, anatoa ripoti mkutanoni. Jamaa haikujengwa hivyo. Wanaoingia ni mume na mke, pamoja. Baba akija peke yake ataulizwa mama yuko wapi. Wanandoa waliotangulia wanawapokea wapya, wanawafundisha polepole, kwa hatua, mpaka "wanawazaa", na tangu siku hiyo wanakuwa baba na mama yao. Wapya nao watazaa wengine. Kundi linakua kama ukoo unavyokua, si kwa fomu wala kadi. Hata padri akiingia ni mwana wa watu fulani, jambo ambalo kwa mapadri wengine lilikuwa gumu kulimeza.

Kwa maoni yangu, siri yake iko kwenye kambi zenyewe. Union Minière, kampuni ya migodi, ilikuwa imekusanya watu kutoka Kasai, kutoka vijiji vya Katanga, kutoka ng'ambo ya mpaka, ikawapa nyumba za mstari na posho. Mjomba yuko mbali, shangazi yuko mbali. Mkigombana nyumbani, nani atawasikiliza? Jamaa iliwapa wazee wa kuwaendea, bila kuuliza kabila. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na ya barabarani, na humo kikawa lugha ya mambo ya moyoni.

Mvutano haukukosekana. Mafundisho yalitolewa majumbani, jioni, kwa mdomo, na ndoto zilipewa uzito. Wasiokuwemo walishuku. Baadhi ya watu wa Jamaa walishutumiwa kupotosha mafundisho ya umoja wa mapendo, wakaitwa Katete, jina ambalo hakuna aliyelipenda. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafia huko mwaka 1977. Katika miaka hiyo ya 1970 maaskofu wa huku waliibana Jamaa kwa masharti: waliokubali walibaki ndani ya parokia, waliokataa walitoka na kuendelea kivyao, nao hawakuliacha neno Jamaa.

Kwa hiyo ukiambiwa jirani yako ni mutu wa Jamaa, bado una swali moja la kuuliza: ya parokia, ao ile iliyotoka?