Ujumuishi: mpaka udaiwe kama wengine

Ujumuishi wa watu wenye ulemavu maana yake ni mtu kushiriki shuleni, kazini, sokoni na kwenye sherehe kwa haki na wajibu uleule walio nao wengine, mazingira yakiwa yamerekebishwa ili aweze. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na Tanzania ikauridhia 2009, unasema ulemavu hutokana na hitilafu ya mwili au akili inapokutana na vikwazo. Mimi natembea kwa magongo. Kwenye lami karibu na Nyerere Square, hapa Dodoma, napeta tu. Nipeleke kwenye mchanga wa mitaa ya Chang'ombe, au ofisi ya ghorofani isiyo na lifti, ndipo ulemavu unapoanza. Miguu ni ileile.

Upande wa wajibu watu huusahau. Kuna mama lishe mmoja pale Majengo nilikuwa nimekula kwake kwa mkopo, kisha nikawa napita njia nyingine. Siku niliyorudi, banda limejaa, akapaza sauti: "Wewe, hayo magongo njia ya kuja kula yanaijua, ya kulipa imeyapotea?" Watu wakaangua kicheko, na mimi nacheka huku natoa simu nimrushie hela yake. Sasa mlinganishe na konda anayekataa nauli yangu: "We kaa tu kaka, utaniombea." Nauli ya bure siikatai, maisha yenyewe unayaona. Ila konda ameniweka kundi la watakatifu, mama lishe kaniweka kundi la wateja wasumbufu, na huko ndiko niliko kweli.

Huruma ina pacha wake, nayo ni sifa za bure. "Hongera sana, unajitahidi!" anaambiwa mtu aliyekwenda kununua nyanya. Stella Young, mchekeshaji wa Australia aliyetumia kitimwendo, alilizungumzia hili jukwaani Sydney mwaka 2014, miezi michache kabla hajafariki. Alikataa kufanywa somo la kuwatia moyo wasio na ulemavu, akasema kuzichekea ngazi hakujawahi kuzigeuza kuwa njia ya mteremko. Huku kwetu pacha hao huja na methali: "Hujafa hujaumbika," mtu ananong'ona akinitazama kama vile mimi ni bango la tahadhari barabarani.

Sheria ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Piga hesabu: asilimia 3 ya watu 20 ni mtu 0.6. Rafiki yangu aliyekatwa mguu anadai nafasi hiyo iliandikwa kwa ajili yake.

Mzaha huo anaweza kuutoa yeye. Je, wewe? Inategemea, na sisi watu wa mikoa ya kati hatuhitaji kufundishwa, utani tunaujua. Mtani anaweza kuja msibani akamwigiza marehemu na asipigwe, kwa sababu uhusiano ulikuwepo kabla ya mzaha, na kesho zamu ni yako. Mama lishe alinichokoza kuhusu deni, kosa langu halisi, na nikitaka nina ya kwake ya kusema, kuanzia maharage yake yenye mawe. Anayejifanya kuchechemea jukwaani ili watu wacheke, hana uhusiano nami wala hanipi zamu. Huo si utani, ni uvivu wa kutafuta kichekesho.

Na kuna pasipochekwa kabisa. Kumwita mtu mwenye ualbino "dili" si mzaha katika nchi ambayo watu wameuawa ili viungo vyao viuzwe.

Tukirudi kwenye mambo mepesi, ujumuishi uliokamilika Dodoma nzima ni wa kadi za michango ya harusi. Kamati haijawahi kunisahau, na haijawahi kunipunguzia kiwango eti kwa sababu ya magongo. Nami siku hizi kabla sijatuma hela humpigia katibu: ukumbi una ngazi ngapi, choo kiko wapi, na sakafu yake ni marumaru? Marumaru ikiloa maji, mpira wa gongo huteleza, na sitaki kuwa burudani kabla ya keki. Wengi huanza kunipa pole. Katibu mmoja alikata simu, akaenda kuangalia, akanipigia: "Ngazi nne, choo kiko nyuma, marumaru, nimeagiza waweke mkeka. Mchango wako mwisho Ijumaa."

Nilituma Alhamisi.