"Kwa nini hamuwarudishi porini?" na mengine tuliyochoka kuyasikia

Swali hilo haliishi. Sisi wa hifadhi inayolea wanyamapori waliookolewa tunaulizwa langoni, kwenye simu na kwenye barua pepe za wahisani, na mara nyingi anayeuliza ni mtu mwema anayeumia kumwona mnyama nyuma ya uzio. Sina ugomvi naye. Ila nimelijibu kwa kifupi mara nyingi mno, na jibu fupi halimtoshi mtu. Leo nitalijibu kwa urefu wake, na hayo mengine nitayapitia juu juu.

Dhana: Mfungulieni tu, silika itamwongoza

Silika anayo. Mtoto wa chui milia aliyelelewa kwa chupa sebuleni atanyemelea, ataruka na atauma shingo ya mdoli bila kufundishwa na mtu. Anachokosa ni yote yanayofuata: mnyama yupi anawindika na yupi atamtoboa tumbo kwa pembe, upepo unatoka wapi, maji yako wapi wakati wa kiangazi, eneo la dume jirani linaanzia wapi. Haya hufundishwa na mama, na chui milia huandamana na mama yake miezi 18 hadi 24. Hata baada ya malezi hayo yote, hukosa windo mara nyingi kuliko anavyolipata. Wanaoletwa kwetu walitenganishwa na mama zao wakiwa bado wananyonya.

Na asichokijua kina nafuu kuliko anachokijua. Anajua kwamba chakula hutoka kwa binadamu. Ndoo ya nyama ikigonga tu ukingo wa toroli, anaacha kivuli chake na kuja kusimama mlangoni. Mfungulie huyo msituni: njaa ikimbana, atafuata moshi wa jiko na sauti za watu. Mnyama mkubwa mla nyama asiyemwogopa binadamu ni hatari kuliko yule anayemkimbia. Kinachomngoja ni risasi, na huenda mtu akawa ameshaumia kabla haijapigwa.

Halafu kuna miili yenyewe. Watu husikia "aling'olewa kucha" wakadhani ni mambo ya kukata kucha. Kwa paka, mkubwa na mdogo, upasuaji huo huondoa mfupa wa mwisho wa kila kidole. Anabaki akitembea kwa maumivu, na mawindo hawezi kuyakamata. Wengine meno ya chonge yamekatwa. Wengine walilishwa minofu mitupu, bila mfupa hata mmoja, wakakosa kalsiamu. Wanaletwa miguu imepinda, na kwenye eksirei unaona mivunjiko ya zamani iliyojiunga vibaya. (Kama una mtoto wa paka mkubwa mkononi na unasubiri tufike, usimpe minofu ya kuku ukadhani unamtendea wema. Piga simu kwanza uulize.)

Sasa tuseme ni mzima wa mwili na mjanja wa kuwinda. Bado kuna magonjwa. Mnyama aliyeishi karibu na watu na mifugo anaweza kubeba kifua kikuu au distempa (ugonjwa wa virusi unaojulikana zaidi kwa mbwa) na kuvipeleka kwa wenzake walioko nje. Mwaka 1994 distempa, iliyohusishwa na mbwa wa kufugwa, iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Hao hawakuletewa na mnyama aliyeachiliwa, lakini wanaonyesha kwa nini daktari wetu hasaini karatasi kwa huruma.

Bado kuna vinasaba pia. Chui milia wengi waliozalishwa majumbani na kwenye maonyesho ni chotara, na hakuna anayejua babu zao walitoka upande gani wa Asia. Na bado kuna nafasi: msitu wenye mawindo ya kutosha kwa kawaida una mwenyewe, naye hagawi. Miongozo ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ya mwaka 2013 kuhusu kurejesha wanyama inataka yote haya yapimwe, na inataka kwanza kilichowamaliza wanyama mahali hapo kiwe kimeshughulikiwa. Kumrudisha mnyama pale pale penye mitego ni kuwalisha majangili.

Hapo ndipo ninapotumiwa video ya Zolushka. Naijua. Ni chui milia jike wa Mashariki ya Mbali ya Urusi, aliyepatikana mwaka 2012 akiwa yatima, na mwaka uliofuata akaachiliwa katika hifadhi ya Bastak. Baadaye akazaa huko. Ni mafanikio ya kweli, lakini tazameni masharti yake: alizaliwa porini, na katika muda wote wa kulelewa alitengwa na macho ya watu, akawinda wanyama hai ndani ya uzio mkubwa. Hakupewa chupa na hakupigwa picha mapajani mwa mtu. Kule Brazil, tamarini wa dhahabu, tumbili wadogo sana, waliozaliwa kwenye bustani za wanyama walipoanza kurejeshwa msituni miaka ya 1980, wengi wa kundi la mwanzo walikufa. Kutafuta chakula na kupita kwenye matawi ya asili kuliwashinda. Mradi huo ulifanikiwa baadaye, kwa miaka mingi ya kazi. Kurejesha mnyama ni kazi inayoanza siku ya kwanza anapookotwa. Ukishamzoesha mkono wako, umeshamfungia mlango huo.

Kwa hiyo wengi wa wanyama wetu watazeekea hapa. Hatukushindwa kazi, hii ndiyo kazi yenyewe.

Dhana: Nimemlea tangu mchanga, ameshafugika

Amekuzoea wewe. Kufugika ni jambo la vizazi na vizazi vya kuchaguliwa, kama ilivyokuwa kwa mbwa, na halipatikani kwa mnyama mmoja na upendo mwingi. Tumbili mpole wa mwaka jana akibalehe anaanza kugombea cheo nyumbani, na anauma. Makaku, nyani wadogo wa Asia wanaopendwa sana mitandaoni, wanaweza kubeba kirusi cha herpesi B bila dalili kubwa. Binadamu huambukizwa kwa nadra, lakini asipotibiwa wengi hufa.

Kwetu hakuna mtu anayeingia alipo simba au chui milia, hata aliyemnyonyesha. Mnyama anahamishiwa kizimba cha pembeni, mlango unafungwa, mtu wa pili anakagua kufuli, ndipo usafi unaanza. Sindano ya chanjo tunampigia nje ya wavu: amefundishwa kulaza paja kwenye wavu akilambishwa nyama kwenye kijiko kirefu. Ujuzi huo naujivunia kuliko picha yoyote ya mtu aliyemkumbatia simba.

Dhana: Hifadhi nzuri ni ile inayokuruhusu kumshika mtoto wa mnyama

Kinyume chake. Watoto wa wanyama hawabaki wadogo kwa muda mrefu: wiki chache tu na meno yanakuwa makali mno kwa wageni. Mahali penye watoto mwaka mzima pana mtu anayezalisha, na unapaswa kuuliza wale wa mwaka jana wako wapi. Marekani walipitisha sheria Desemba 2022 inayokataza umma kuwagusa paka wakubwa na kuzuia watu kuwafuga kama wanyama wa nyumbani. Global Federation of Animal Sanctuaries, shirika lililoanzishwa 2007, hutoa ithibati kwa hifadhi baada ya kukagua mambo kama haya. Tafuta hiyo ithibati kabla hujatoa pesa.

Na chui milia weupe si spishi inayookolewa. Wengi wa walioko vizimbani wanatokana na dume mmoja, Mohan, aliyekamatwa Rewa, India, mwaka 1951, na weupe ule umetunzwa kwa kupandishana ndugu kwa ndugu. Makengeza yao mnayoyaona ya kupendeza ni kasoro ya mishipa ya macho.

Dhana: Nilimnunua ili nimwokoe

Ulimlipa muuzaji. Kesho ataagiza mwingine, na bei ameshaijua.

Dhana: Huyu ni mdogo, hana madhara wala madhila

Loris, ndugu wa komba kutoka Asia, akikunjua mikono juu unapomtekenya hafurahii. Ndani ya mkono, karibu na kiwiko, ana tezi. Anailamba, majimaji yanachanganyika na mate, na kuuma kwake kunakuwa na sumu. Mkao ule ni wa kujihami. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana humkata meno. Kasuku wa kijivu wa Afrika naye alinaswa kwa wingi mno kwa ajili ya vizimba vya majumbani, hadi CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, ukamwingiza katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye ulinzi mkali zaidi, kwa uamuzi wa 2016. Sisi tunawapokea wakiwa wamejinyonyoa kifua kizima.

Dhana: Mnyama asiyerudi porini hana faida kwa uhifadhi

Muulize ofisa wa wanyamapori aliyekamata shehena ya wanyama usiku. Kama hana pa kuwapeleka, kesi inayumba: ama anawaacha kwa mtuhumiwa "kwa muda", ama wanafia stoo. Nafasi yetu ndiyo inayomwezesha kutaifisha. Ila sitawadanganya kwamba kumlisha simba mmoja aliyeokolewa kunaokoa simba wote. Spishi huokolewa huko makazi yalipo, kwa askari wanyamapori na kwa jamii zinazoishi nao. Hifadhi inayojiheshimu hutenganisha fungu la fedha za kuwalea waliookolewa na fungu la kazi ya porini, na mfadhili ana haki ya kuuliza lipi limepata nini.

Aulize pia akiba. Chui milia kizimbani anaweza kufika miaka 20, sokwe anaweza kupita 50, na makao wakubwa, wale kasuku wa Amerika, vivyo hivyo. Watu huchangia kwa furaha siku ya uokoaji yenye kamera. Paa la banda la mnyama mzee halina mchangiaji.

Ukitaka kutukabidhi mnyama, usimpakie kwenye gari ukaja naye. Piga simu, useme anakula nini hasa (si anachopaswa kula), umekaa naye muda gani, alitoka wapi, ana karatasi zipi, amewahi kumuuma nani. Swali la mwisho ndilo wengi hulikwepa, nasi ndilo tunalolihitaji kupanga nani ampokee na aanzie banda lipi la karantini.