Kabla ya kilo zako, niambie kuhusu kiungulia

Wengi wanaokuja kwangu kutaka upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo hufika na hesabu ya kilo zao kichwani. Mimi naanza kwingine: "Usiku ukilala, unasikia moto unapanda kifuani?" Swali hilo huwashangaza, lakini jibu lake linaweza kubadili upasuaji wote.

Tunafanya hivi. Mgonjwa akishapewa nusu kaputi, tunatoboa matundu madogo manne au matano tumboni, kisha tunapitisha mpira mdomoni hadi ndani ya mfuko wa tumbo. Mpira huo wenye kipenyo cha kama milimita 12 ndio rula yetu. Kando yake tunabana kwa stepla: inapiga safu za pini ndogo za titani huku na huku, na kisu chake kinapita katikati. Tunapanda hivyo hadi juu, karibu na wengu. Kinachobaki ni mrija wenye umbo la ndizi. Kipande kilichokatwa, kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko, tunakivutia nje kwenye tundu moja. Ukikishika ni laini, kimelegea. Hakirudishwi tena, ndiyo maana sipendi mtu aamue kwa haraka.

Kipande hicho si ghala la chakula tu. Sehemu yake ya juu ndiyo hutengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayouambia ubongo kwamba una njaa. Wiki za mwanzo wagonjwa huniambia, "Daktari, leo nimesahau kula." Hawajapata nidhamu mpya ghafla. Kelele ya njaa imepungua. Inaniuma sana nikisikia upasuaji huu ukiitwa njia ya mkato ya wavivu. Mwili wa mtu mwenye unene uliopitiliza hupigania uzito wake: akijinyima, njaa inazidi, na mwili unabana matumizi ya nguvu. Wengi wao wamepigana vita hiyo miaka mingi kabla ya kunifikia.

Sasa turudi kwenye kiungulia. Mfuko mpana ulikuwa unatanuka chakula kikiingia. Mrija mwembamba hautanuki hivyo, kwa hiyo shinikizo ndani yake hupanda na asidi hutafuta njia ya juu, kwenye umio. Aliyekuwa na kiungulia kinaweza kumzidi, na asiyekuwa nacho anaweza kukipata. Kikikaa miaka, utando wa umio huweza kubadilika kwa namna inayoongeza hatari ya saratani. Mgonjwa wangu mmoja alinificha, akihofia nitamnyima upasuaji. Uzito ulishuka vizuri, lakini akawa analala ameegemea mito mitatu, na mwishowe tulilazimika kumrudisha chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo natanguliza endoskopi, kipimo cha kupitisha kamera ndogo mdomoni ili nione ndani ya umio na mfuko wa tumbo. Nikikuta umio umechubuka vibaya, nashauri upasuaji mwingine, ule wa kutengeneza kifuko kidogo juu na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Huo kwa kawaida hutuliza kiungulia.

Nani anafaa? Chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza upasuaji kuanzia 35, hata kama huna ugonjwa mwingine, na unaruhusu kuufikiria kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari cha aina ya pili.

Hatari ninayoiogopa zaidi siku za mwanzo ni mstari wa pini kuvuja, hasa pale juu. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea, moyo mara nyingi hutangulia kusema. Mapigo yakipita 120 kwa dakika na hayashuki, sisubiri homa wala maumivu makali.

Baadaye kuna vitamini na madini ya kumeza maisha yote na vipimo vya damu, hasa B12 na chuma. Kwa wanawake, mimba isubiri angalau mwaka hadi mwaka na nusu.

Na baada ya miaka michache nakuita tena kwa endoskopi, hata ukiniambia husikii chochote. Umio unaweza kuchubuka bila kukuunguza, na hilo siwezi kulijua kwa kukuuliza.