Figo Moja Haimpunguzi Mtu

Kwenye mwalo wa Kirumba, Mwanza, katikati ya mafungu ya dagaa, hutakosa mtu wa kukuambia kwamba aliyetoa figo si mwanaume tena: havuti nyavu, hazai. Maneno hayo ndiyo yanayovunja vikao vya ukoo. Mgonjwa yupo, ndugu wa kumpa wapo, lakini kila mmoja anatazama chini.

Nguvu za kiume hazikai kwenye figo. Figo inayobaki hutanuka, ikabeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Na kabla ya kisu ndugu hupimwa haswa: sukari, presha, mkojo, figo zote mbili. Mwenye dosari hurudishwa nyumbani. Sisemi upasuaji hauna hatari. Unazo, na mtoaji asikimbie kliniki eti kidonda kimekauka. Lakini Ronald Herrick wa Marekani, aliyempa figo pacha wake Richard mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, katika upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 79.

Wengine husema kupandikizwa figo ni “mpaka India.” Zamani, ndiyo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza Novemba 2017, wakisaidiana na madaktari wa huko huko India; Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Kutoka Mwanza hilo ni basi, si pasipoti. Kusafishwa damu kwa mashine, kwa asiyepata figo, kupo hapa hapa Mwanza, Hospitali ya Bugando, ila kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, kwa muda wa kama saa nne kila mara. Mtu wa kisiwani Ukerewe anajua hiyo ni kazi gani.

Wengine hudhani figo mbovu hung'olewa kama jino. Mara nyingi huachwa palepale, mpya ikawekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga. Huenda jirani yako anatembea na figo tatu!

Dhana ninayoiogopa zaidi ni ya “ameshapona”. Ronald na Richard walikuwa pacha wa kufanana, kwa hiyo mwili wa Richard haukuona mgeni. Kwa wengine mwili hushambulia hata figo ya mama mzazi, ndiyo maana dawa za kuutuliza humezwa kila siku maadamu figo inafanya kazi. Anayeziacha kwa kuwa anajisikia vizuri, au anayechanganya na mizizi ya kuchemsha, anaweza kuipoteza figo ya nduguye. Basi ukimwona abiria kwenye kivuko cha Kamanga anatazama saa, kisha anatoa maji na vidonge, usimuulize, “Si ulishapona wewe?”