Kugonga Mlima si Kuanguka

Kila inaposimuliwa habari ya Star Dust, ndege ya abiria ya Uingereza iliyotoweka katika milima ya Andes tarehe 2 Agosti 1947 ikiwa na watu 11, msimulizi huandika kwamba "ilianguka mlimani", na nimelisoma neno hilo mara nyingi mno hata nimeona haja ya kulizungumzia. Star Dust haikuanguka. Iligonga mlima, na ajali ya namna hiyo ni dhana mahususi katika usalama wa anga: ndege nzima isiyo na hitilafu, iliyo mikononi mwa rubani anayeimudu, hugonga mlima, ardhi au maji bila marubani wake kutambua hatari mpaka nafasi ya kuikwepa imekwisha.

Tofauti hii imo ndani ya Kiswahili chenyewe. "Kuangika" ni kutundika kitu juu. Kinyume chake ni "kuangua", yaani kukishusha kitu kutoka pale kiliposhikwa, kama mkwezi anavyoangua nazi. Na nazi iliyoachia kikonyo ndiyo inayoanguka. Kwa hiyo kitenzi "anguka" kimebeba wazo la kitu kilichokuwa kimeshikiliwa juu, kisha kile kilichokishikilia kikakiachia. Ndege huanguka kwa maana hiyo bawa linapovunjika, au mwendo unapopungua hadi hewa ikashindwa kuyabeba mabawa. Nazi ikianguka hakuna anayeiongoza, na hapo ndipo neno hili linapoacha kulingana na kilichotokea Andes.

Star Dust ilikuwa safarini kutoka Buenos Aires, Argentina, kwenda Santiago, Chile. Saa 11:41 jioni mtumaji wake wa simu ya upepo aliarifu kwamba wangefika saa 11:45, nao wakati huo walikuwa bado nyuma ya mlima Tupungato, wenye kimo cha zaidi ya mita 6,500, kiasi cha kilomita 80 kutoka Santiago. Walikuwa wakipaa juu sana, ambako upepo mkali wa magharibi, ambao marubani wa zama zile hawakuwa wakiufahamu vizuri, uliwapinga usoni. Hesabu yao ya muda na mwendo ikawaambia wamekwisha kuvuka milima, na mawingu yakawaficha ukweli. Wakaanza kushuka, wakagonga mlima. Theluji ikawafunika, na kwa zaidi ya miaka 50 hakuna aliyejua walipo, hadi mwaka 1998 wapanda mlima wa Argentina walipoiona injini moja ya Rolls-Royce barafuni. Mwaka 2000 msafara wa jeshi la Argentina ulipata mabaki zaidi, na alama zilizokuwa kwenye panga za rafadha (propela) zilionyesha kwamba injini zilikuwa zikifanya kazi kama kawaida mpaka dakika ya kugonga.

Rafadha hizo ndizo zinazonifanya nilishikilie jambo hili. Msomaji akiambiwa ndege ilianguka, huuliza mara moja ni kitu gani kiliharibika, na katika Star Dust swali hilo halina jibu kwa sababu hakuna kilichoharibika. Swali linalostahili ni lingine: marubani walidhani wako wapi, na kwa nini? Ni swali hilo lililozaa kifaa cha kumwonya rubani kwamba ardhi i karibu, ambacho Marekani iliamua kukilazimisha katika ndege kubwa za abiria baada ya ndege nyingine kugonga mlima huko Virginia mwezi Desemba 1974 na kuua watu 92.

Najua wengi huandika "ilianguka" kwa mazoea tu, wala hawakusudii kupotosha. Ombi langu kwao ni dogo. Watakaposimulia tena habari ya Star Dust, au ya ndege ya East African Airways iliyoua watu wote 20 waliokuwamo katika mlima Kilimanjaro mwezi Mei 1955, waandike kwamba iligonga mlima.